Kitabu Kilichotoka Kwenye Sofa ya Mchungaji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi ipokee tu hivyo hivyo, maana naandika nikiwa na aibu na sijui nianzie wapi. Mume wangu ni fundi wa makochi, mtu wa kazi, hanywi, hampigi mtu, lakini miaka yote alikuwa baba wa kimya, anarudi, anaoga, anakula, analala, na watoto wakisikia mlango tu wanatawanyika kama vile kaingia mkaguzi, nami nikazoea nikasema ndivyo alivyoumbwa. Sasa mwaka jana mchungaji wetu akapeleka sofa yake ibadilishwe kitambaa, na wewe unajua sofa zinavyomeza vitu, mume wangu alipoifumua akakuta vitana, kalamu na kitabu cha malezi kwa baba Mkristo, akampelekea mwenyewe, mchungaji akamwambia kaa nacho, mimi watoto wangu wameshakua.

Mshauri, kitabu kile kimenipa mume mpya, sikutanii. Akisoma ukurasa anautenda kwanza ndipo afungue mwingine. Kilisema muulize mwanao swali moja kila siku na usubiri jibu, basi akaketi karibu na binti yetu mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, akamuuliza siku yake ilikuwaje, mtoto akasema "nzuri," na baba mtu akaendelea kusubiri, kimya, anamwangalia, mpaka mtoto akacheka, na yeye akacheka, na mimi huko jikoni nafuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Siku hizi anawaombea watoto mmoja mmoja kwa jina kabla hawajaenda shule. Akinikosea anasema, "Mama, hapo nimekosa," maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake tangu anioe. Alipokimaliza akatafuta kingine cha imani, na kingine cha kuwa mwanamume, na sasa kila Jumamosi jioni wanaume wenzake wanakuja karakana, wanakaa juu ya makochi ya wateja ambayo hayajavishwa kitambaa, wanasoma kwa zamu na kila mmoja anasema kitabu kimemgusa wapi.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Siku moja tukichambua mchele binti aliniuliza, "Mama, hivi Baba ananipenda kama anavyowapenda wadogo zangu wa kiume?" akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia baba yake, nikijua atapata nafasi ya kurekebisha, naye akaumia sana, na Jumamosi sura ya kile kitabu cha malezi ikawa ya baba na binti zake, akawasimulia wenzake yote, kwa machozi, kama ushuhuda, na wanaume wazima wakalia naye. Mmoja wao, fundi redio, akaenda kumsimulia mkewe kwa uzuri tu, binti yao akasikia, na anasoma darasa moja na wetu. Jumatatu wasichana wakamsubiri binti yangu mlangoni mwa darasa: "Vipi, babako ameshakupenda?"

Sasa hamjibu baba yake zaidi ya ndiyo na hapana. Kila jioni mwanamume wa watu anakaa, anauliza swali lake, anasubiri, na mtoto anaangalia sakafu. Baba hajui kilichotokea shuleni, anadhani ni umri. Naogopa kumwambia, kwa sababu namjua, atasema vitabu vimemponza, ataviacha vyote, nami nitarudishiwa yule mtu wa kimya. Lakini pia naogopa Jumamosi ijayo watatoa nini tena cha nyumbani kwangu, kwa hiyo kile kitabu cha kwanza nimekificha kwenye ndoo ya unga, naye anakitafuta, anawauliza mafundi wake. Nifanyeje? Niwaombe waache hayo masomo?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi,

Marahaba, maana sina shaka mkubwa ni mimi.

Pole sana, na hongera. Barua yako nimeirudia kwa ajili ya huyo baba anayeuliza swali kisha akasubiri. Wanawake wananiandikia kila wiki wakilia wapate nusu yake. Vitabu vya aina hiyo ninavyo kabati zima, na nakiri kuna kurasa nimezisifu kanisani ambazo sijazitenda mpaka leo, wakati yeye anatenda kwanza ndipo afungue mwingine. Hao wanaume wanaoambiana ukweli wakiwa wamekalia sponji za makochi, usiwaguse. Wana mahali pa kulia, na wengi hawana.

Sasa nikuseme kidogo. Una hofu na mume, una hofu na Jumamosi, na kitabu cha watu umekitia kwenye unga. Mtoto alimwomba nani asimwambie mtu? Wewe. Siri ilitoka jikoni kwako kabla haijafika karakana. Nia yako ilikuwa njema, ya mumeo njema, ya fundi redio njema, na nia zote hizo zimemwangukia mtoto mmoja.

Kwa hiyo anza wewe. Leo, mkiwa wawili, mwambie, "Ni mimi niliyemwambia baba yako. Uliniamini nikakuangusha, nisamehe." Usiongeze "lakini." Akinuna mwache anune, ana haki.

Kisha mwambie mumeo yote, waziwazi, kabla ya Jumamosi. Ati ataacha kusoma. Mama, unamwogopa mume wa zamani, wa sasa bado hujamzoea. Aliyeweza kukuambia wewe "hapo nimekosa" atashindwaje kwa mwanawe? Amwendee mikono mitupu, bila kitabu, wala asimhubirie. Jumamosi awaambie wenzake kila mtu aseme yake na ya watoto yabaki nyumbani, na fundi redio akazungumze na binti yake.

Na kuna jambo nyote mmelisahau katika kulia kwenu. Swali la mtoto limefika karakana, limefika kwa fundi redio, limefika darasani, limefika hadi kwangu mimi nisiyemjua. Tumelisikia wote na hakuna aliyemjibu. Kitoe kitabu kwenye unga, ukikung'ute, umrudishie mwenyewe, halafu umwache baba aende akamjibu mwanawe.