Baba mkwe yumo barazani

Kulthum, wallahi nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa Utange na sitoki.

Unalikumbuka lile baraza la mtandaoni tuliloshinda tukibishana enzi za chuo? Watu wote wamehamia WhatsApp, limebaki tupu. Basi mwaka mzima nimekuwa nikiandika humo mambo yangu ya moyoni, nikijua hakuna anayesoma.

Yuko anayesoma!

Juzi niliandika kwamba baba mkwe, Mzee Shee, ananimaliza. Kila mchuzi anautia chumvi kabla hajauonja, kisha analalamika chumvi imezidi.

Leo nafungua, nakuta jibu. JIBU, Kulthum! Mtu anajiita Mlinzi wa Baraza: "Mwanangu, si 'ananimaliza', sema 'yuanikera'. Na ule mchuzi wa Ijumaa haukuwa na chumvi kabisa."

Mchuzi wa Ijumaa! Tulikula watatu tu, na mume wangu hata barua pepe hajui kufungua.

Mara nikasikia nyuma ya mlango: "Intisar, mwanangu, umeliona jibu langu?"

Nikasema, "Abee, baba."

Kisha kwa sauti ya chini: "Usiache kuandika. Kabla hujaanza, miaka minne nilikuwa humo peke yangu. Nilikuwa nakusoma nikifurahi, nisijue ni wewe, mpaka ulipoitaja chumvi."

Kulthum, nimecheka na kulia pamoja. Nimemwambia nitaandika tena kesho, ila asinisahihishe Kiswahili changu.

Amekataa.