Televisheni Uliyoniambia Nisiiguse

Santa Clara, 14 Machi

Kaka yangu Osniel,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tampa, wewe na wifi. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Kila siku anauliza kwa nini huandiki.

Habari kubwa ni ya karakana. Tangu baba afariki, mshirika wake mzee Evelio amekuwa akisema kiti cha baba atamkalisha mpwa wake, kwani mimi ni wa kuunga waya za pasi tu. Nilichoka. Nikamwonyesha ile bodi ya kompyuta uliyonitumia, ndogo kama biskuti, nikasema nitaifanya itoe picha kwenye televisheni mpya ya karakana. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akasema kidude hicho kimeumbwa kuwasha vitaa, hakina hata tundu la kutolea picha. Nikiweza, kiti ni changu, nikishindwa nisimsumbue tena. Wateja wawili walisikia. Nikakubali papo hapo.

Tundu nililing'oa kwenye king'amuzi kibovu. Programu niliandika mwenyewe, nikaifanya bodi ikimbie mara mbili ya kasi iliyopangiwa, maana picha ya kidijitali haimsubiri mvivu. Kilichobaki ni rezista nane, vile vidude vya kupunguza umeme, moja kwa kila waya unaokwenda kwenye tundu. Evelio akafunga droo yake ya vipuri kwa ufunguo. Mji mzima nilipata mbili.

Jumatano asubuhi, kabla umeme haujakatwa, nilichomeka nikiwa na zote nane. Skrini nyeusi! Evelio akanisimanga mbele za watu, eti haya binti, pasi zako zinakungoja. Kumbe nilikuwa nimepishanisha waya mbili. Nikazigeuza, picha ikatoka na rangi zake zote, imetulia tuli. Mzee akainuka, akafuta vumbi kwenye kiti cha baba kwa kiganja chake.

Sasa utaniuliza zile sita nilizitoa wapi. Televisheni ya Kirusi ya baba, ile uliyoniapisha nisiiguse mpaka urudi, nimeifungua. Mama alinishikia tochi huku analia. Basi ndani, Osniel, nusu ya vitu havimo. Transfoma hakuna, spika hakuna, rezista za kunifaa zilibaki sita tu, nikazing'oa. Baba mwenyewe aliichokonoa miaka yote ile. Kila alipokwama na redio ya jirani alichota humo, akarudisha kifuniko, Mama akatandika kitambaa chake juu bila kujua. Mama aliacha kulia, akacheka mpaka tochi ikamponyoka.

Kiapo nimekivunja na msamaha siombi. Wewe ulitaka baba akae sebuleni atazamwe. Ganda lipo palepale, kitambaa juu, ukija litazame utakavyo. Barua hii naiandika nimekaa kwenye kiti chake.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa ajili yangu. Ukija usiniletee manukato, niletee rezista, maana mle ndani sasa hamna kitu.

Dada yako asiyesikia,
Yamilka