Mama Leonarda wa Uvunguni mwa Kanisa

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya mvua ulipotutoka, na bado mtu akipita nje akikohoa kidogo sote tunageuza shingo kutazama mlangoni. Juzi kaka yetu mkubwa, Hernando, alipokosa chumvi mezani aliita "Mama!" kwa mazoea. Kisha akainywa ile supu bila chumvi mpaka ikaisha. Hakuna aliyemcheka. Hata mimi sikumcheka, na wewe unanijua.

Ninayeandika ni Melinda, mtoto wako wa pili. Wenzangu wamesema niandike mimi kwa kuwa nina mdomo. Sawa, ninao, na wanajua nimeurithi kwa nani.

Huku pwani ya Bilwi watu wengi wanakukumbuka kwa mkate wako wa nazi. Kila Ijumaa uliuoka, na kila aliyepita alipewa kipande, hata yule tuliyejua amekuja kutusengenya ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kwa mgonjwa hukuwahi kwenda mikono mitupu. Ilitangulia sufuria ya wabul, ndizi zako zilizopondwa kwa tui, halafu ukaja wewe nyuma yake unahema. Hukuwa mtu wa sala ndefu. "Bwana, leo sina maneno, unanijua," halafu Amina, na kisu kinarudi kwenye mihogo. Na aliyekuja kukulilia shida zake hukumwambia anyamaze. "Lia, mwanangu. Imani haikatazi kulia. Ukimaliza unawe uso, tule."

Lakini leo tunataka kukumbuka la Rufino, kitinda mimba wako, kwa sababu ndilo lililokula miaka yako ya mwisho na ndilo ulilotuachia.

Rufino alikuwa mpiga mbizi wa kambakoche, kama nusu ya vijana wa hapa. Siku ile alizama mara nyingi kupita mwili unavyokubali, maana kambakoche walikuwa wengi na yeye hajawahi kujua kusema basi. Alipopanda, hewa ilikuwa imemwingia kwenye damu. Miguu ikafa pale pale ndani ya mtumbwi. Hospitali walimweka kwenye kile chumba cha chuma cha kutibu wapiga mbizi, wakamtoa, wakamweka tena, kisha wakaturudishia akiwa hai kuanzia kiunoni kwenda juu.

Majirani walikuja na maneno yao. Wengine walisema ni Liwa, yule mwanamke wa majini, amelipiza kisasi kwa kumalizwa mali yake. Wengine, tena watu wa kanisani, walinong'ona kuwa ni bia na wasichana wa mjini. Wewe ukasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Si Liwa, wala si bia. Ni hewa kwenye damu, daktari ameshasema. Aliyekuja kuomba, aingie. Aliyekuja kutafuta sababu, sababu zimeisha."

Rufino aligeukia ukuta. Hakutaka redio, hakutaka marafiki, chakula alikila ukimkalia. Siku moja alikuuliza bila kugeuka, "Mungu wako alikuwa wapi nilipokuwa kule chini?"

"Alikuwa kule kule. Nani alikuvuta ukapanda mtumbwini?"

"Wilmor mwenzangu, kwa mikono yake miwili."

"Na mikono ya Wilmor siku hiyo ilikuwa ya nani?"

"Ya Wilmor, Mama."

Tuliokuwa jikoni tuliangua kicheko, na wewe ukacheka mpaka ukashika ubavu. Hukumbishia. Ulimfunika shuka ukaenda kuchemsha ndizi.

Kisha ikaja ile alasiri ambayo hatupendi kuizungumzia. Rufino alimwomba Hernando ampeleke mwisho wa gati, eti akavue samaki, halafu amwache huko peke yake. Hernando ni mpole lakini si mjinga. Alikuja kukunong'oneza. Wewe ukajifuta mikono, ukaingia chumbani, ukaketi kitandani.

"Nimesikia unataka kusafiri," ulimwambia. "Sikufungi kamba, wewe ni mtu mzima. Lakini uniage kwanza, ukinitazama machoni."

"Mama, niache."

"Nakuacha. Ila bila kuniaga huendi popote."

Hakukuaga siku hiyo. Tangu hapo kila alasiri ulisimama mlangoni kwake na kumuuliza, "Unaniaga leo?" Naye akajibu, "Leo bado." "Haya, basi njoo tule." Sisi wengine tuliisikia ile "leo bado" tukapumua, na tukalala tukiwa na siku moja zaidi ya ndugu yetu.

Ukaanza kumwambia mwende kanisani. Kanisa letu, kama nyumba zetu, limesimama juu ya nguzo ndefu kupita mtu, na ngazi zake ni nyingi. Hernando aliwahi kutengeneza njia ya mbao ya kupandisha kiti cha magurudumu, mafuriko yakaibeba. Vijana walijitolea kumbeba Rufino. Akawaka.

"Nibebwe kama gunia la mihogo, mbele ya wasichana wote niliowachezea? Thubutu!"

"Basi usipande," ulisema. "Twende mpaka chini."

Nadhani alikubali ili umwache tu. Hernando alimsukuma, akamweka uvunguni mwa kanisa, kwenye kivuli na kuku wa mchungaji. Sisi tukapanda ngazi. Tulipogeuka, wewe hukuwa nyuma yetu. Ulikuwa umepindua ndoo ya rangi kule chini, umeikalia, pochi mapajani, na gauni lako jeupe la mzee wa kanisa. Kiti chako cha mbele, ulichokikalia tangu mimi sijazaliwa, kikabaki kitupu.

Katikati ya mahubiri Bi Prisila hakuweza kuvumilia, akashuka.

"Dada Leonarda! Mzee wa kanisa mzima, unakaa na kuku?"

"Kuku nao wameumbwa, Prisila. Tena huku ni kuzuri. Naviona viatu vyote kwenye nyufa za mbao, najua nani anasinzia. Kisigino chako hakijatikisika tangu mchungaji afungue kinywa."

Rufino alicheka. Tulimsikia kutoka juu, sote, mchungaji naye akapoteza alipofika.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hukuinama, Mama, ulihamia. Miaka minne! Mchungaji Muller alipotaka wanaume wanne wampandishe Rufino kwa Meza ya Bwana, ulimwambia asiyetaka kubebwa habebwi, na kama Meza ni ya Bwana basi inajua kushuka ngazi. Akashuka na mkate na kikombe, koti lake likashika utando wa buibui, na hakulalamika. Masika maji yakajaa uvunguni, ukavaa mabuti ya mpira. Ukaanza kukohoa.

Mimi nilikasirika, na sitaficha. Nilikuja kukuambia mbele yake makusudi, ili asikie.

"Mama, utakufa kwa baridi kwa ajili ya mtu asiyetaka hata kufumba macho watu wakisali! Unasubiri nini?"

"Sisubiri kitu."

"Basi unakaa huku kwa nini?"

"Kwa sababu Rufino yuko huku," ulisema, ukanipa mwavuli niushike.

Kikohozi kilishuka kifuani, na kisukari chako hakikuwa na huruma. Siku ile ya mwisho tulikuwa wote chumbani. Ukauliza, kwa sauti iliyokuwa imeanza kwenda, "Nani atakaa na Rufino?" Tukajibu "mimi" kwa pamoja, ukatabasamu ukasema hata siku hii hatuwezi kuongea kwa zamu. Kisha ukamwita asogee. Ulimshika shavu.

"Rufino, mimi nakuaga. Unaona nimekutazama machoni."

Alikutazama. Hakukuaga, na hakulia. Mvua ilikuwa inapiga bati na sisi wengine ndio tuliolia.

Ibada yako ya maziko watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Jeneza lilikuwa juu, mbele ya Meza, na Rufino alikuwa chini yake, uvunguni, kwa kuwa alikataa tena mikono ya watu. Hatukusikia sauti yake hata moja. Mama, tuliogopa. Aliyekuwa wa kuagwa hakuwepo tena. Alasiri zile Hernando alisimama mlangoni kwake akajaribu kuuliza kama ulivyouliza, akaishia kumuuliza kama ana njaa. Hata kama angeuliza, Rufino hakuwa amemwahidi Hernando chochote.

Jumapili ya kwanza baada ya kukuzika zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Nilimwacha na Hernando amtangulize, nikachelewa nyumbani kwa kutafuta kiatu. Nilipofika uvunguni, Hernando akiwa ameshapanda kanisani, nikakuta kiti cha magurudumu kimelala ubavu mchangani. Rufino hakuwepo. Ulikuwepo mburuzo tu, mtu amejivuta kwa mikono, na mimi kwa akili yangu iliyokuwa imeshikwa na hofu niliuona unaelekea baharini.

Nilikimbia mpaka majini na kiatu kimoja, nikaita jina lake mpaka koo likawaka. Bahari tupu. Nikawa nasema, "Mama nisamehe, Mama nisamehe, zamu ya kwanza tu nimempoteza." Hapo ndipo nikasikia kule kanisani wimbo umekatika katikati. Wimbo wa watu wote haukatiki hivi hivi. Nikarudi mbio, nikazunguka upande wa mbele.

Rufino alikuwa kwenye ngazi. Ameipa ngazi mgongo, mikono miwili kwenye kipandio cha juu yake, anajinyanyua, anakaa, anaivuta miguu yake mmoja mmoja kama mizigo ya mtu mwingine, kisha anatafuta kipandio kingine. Amevaa shati jeupe. Lilikuwa limeshaloa jasho lote. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Rufino! Unafanya nini?"

"Nauza samaki. Huoni napanda?"

"Ngoja nimwite Hernando na wenzake..."

"Ukinigusa, Melinda, nakung'ata."

Nikakaa kwenye kipandio cha chini. Nikamuuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hiyo, tena leo ambapo hayupo wa kumwona. Alipumzika kidogo, akafuta uso begani.

"Miaka minne nilikuwa nangoja aniambie nipande, ili nimkatalie. Hakuniambia hata siku moja." Akavuta pumzi. "Basi sasa nimkatalie nani?"

Mchungaji Muller alikuwa ametokea mlangoni, na nyuma yake vichwa vya kanisa zima. Akanyoosha mkono. Rufino akatikisa kichwa.

"Mchungaji, nyinyi imbeni tu. Nitafika."

Wakaimba. Wimbo ule una beti tano, wakazimaliza, na Rufino hajafika hata nusu. Mchungaji akafungua kinywa kutaka kusali, na Bi Prisila, yule yule wa kuku, akapiga kelele kutoka mbele, "Hajafika! Tena!" Wakarudia tangu mwanzo. Wakarudia tena. Wazee wakapotewa na sauti, watoto wakaanza kupiga makofi, mimi nilikuwa nalia bila kuficha uso. Alipofika juu hakuishia hapo mlangoni. Alijiburuza mpaka mbele, akajipandisha kwenye kiti chako, akakaa. Ndipo wakanyamaza.

Hatutaki kumdanganya mtu anayesoma hapa, Mama, na wewe usingetaka. Miguu haijarudi. Tuliomba, bado tunaomba, haijarudi. Zipo siku maumivu yanamshika na anasema maneno yasiyofaa kuandikwa. Na sisi tumechoka siku nyingine, tumegombana, tumekuomboleza kila mtu kwenye kona yake. Lakini kama wewe unayesoma una mtu wako aliyegeukia ukuta, sisi watoto wa Leonarda hatuna mafundisho makubwa ya kukupa. Usimvute. Tafuta ndoo, uipindue, ukae.

Hernando sasa anamalizia njia mpya ya mbao, nguzo zake imara, haibebwi na maji tena. Rufino ameikagua akasema ni nzuri sana, ataitumia akizeeka. Suruali zake zote zimechanika nyuma kwa ngazi. Ninazishona mimi kila Jumamosi, tena namtukana huku nashona, naye anajibu. Na kanisani kwetu, Mama, Jumapili hadi Jumapili, wimbo wa kwanza hauna mwisho mpaka Rufino afike.

Unakumbukwa na wanao Hernando, Melinda na Rufino, mkweo Yadira, wajukuu wako wanaokuita Kuka, yaani bibi, mpaka leo kana kwamba uko jikoni, dada yako Eufrasia, Wilmor, uliyemfanya mwanao, Mchungaji Muller na kanisa lote, na Bi Prisila, anayesema tuandike kwamba yeye hakuwa anasinzia.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazopewa.