Kikohozi cha Jumapili

Mama,

Arobaini yako tumeisoma jana. Ulizikwa mimi niko ughaibuni, nimekuja Ujiji kukuta kaburi, na nina hasira na wewe. Afadhali niseme.

Uliugua mwaka mzima, ukaiapisha nyumba nzima: Asha asiambiwe, ataacha kazi. Hata Dada Zuhura, ambaye tangu utoto hajawahi kutunza siri, hii aliitunza.

Kazi yenyewe unaijua. Tunabuni kigunduzi, mashine ya kutazama elektroni zikigongana na viini vya atomu, tuone gluoni, chembe zinazokishikilia kiini kisisambaratike, zilivyosongamana humo ndani. Nilikwambia zimejazana kama dagaa wa Katonga wavuni, huwezi kumtenga mmoja. Ukacheka: "Mwanangu, umesoma kote huko uje uvue dagaa wasioliwa?"

Sehemu yangu hasa sikukueleza. Migongano ni mingi mno, haiwezi kuhifadhiwa yote, kwa hiyo mashine hutupa kelele, yaani ishara zisizo na maana, papo hapo. Kilichotupwa hakirudi. Mimi ndiye ninayeamua kipi ni kelele.

Kila Jumapili ulikohoa kwenye simu. "Moshi tu huu, nakaanga migebuka." Nami nikaendelea na habari zangu. Jumapili zote hizo, Mama, migebuka tu? Mtaalamu mzima sikujiuliza! Wewe ulificha, mimi nikatupa. Ningekuwa na wewe peke yako wa kulaumu, ningepumua kidogo. Sina hata hiyo nafuu.

Wenzangu wameleta rambirambi, na chini yake swali: narudi lini, michoro inasubiri. Tiketi ilikuwa ya kesho.

Asubuhi hii Baba amekohoa uani. Nikatoka mbio. Jiko halijawashwa, hakuna moshi wala nini. Akaniangalia machoni, akasema, "Vumbi tu hili. We nenda kazini kwako." Nyinyi wawili uongo mlisomea darasa moja.

Nikamwambia Zuhura aseme ukweli. Akainama, akaendelea kuchambua mchele. Nikajua.

Lala, Mama. Sijakusamehe bado, na mwenyewe sijajisamehe. Mungu akipenda tutayamaliza huko. Ila ahadi yangu hii hapa: safari nimeiahirisha, bajaji iko mlangoni, Baba anavaa viatu huku akinung'unika kwamba namsumbua bure. Tunakwenda hospitali.

Safari hii nimesikia.

Mwanao,
Asha