Mvinyo wa Wakwe

Jumatano, 6 Novemba 2024

Wakwe watarajiwa wameleta mvinyo. Maboksi mawili, kutoka kwao Dodoma, kwa ajili ya sendofu ya kumuaga binti yetu Queen mwisho wa mwezi. Kijana aliyeleta kanisisitizia: Mama, usiweke penye joto, na chupa zilale ubavu, kizibo kikikauka hewa itaingia na mvinyo utageuka siki. Nikaitikia kama mtu anayejua. Sisi hapa Pasiansi, Mwanza, tumezoea soda kwenye kreti!

Akanywa chai, akaondoka. Nikabaki nimesimama mbele ya maboksi. Baba Queen hajagusa pombe tangu Kwaresima. Miaka yote ya ndoa yetu nimeomba nione mwaka kama huu. Sasa pombe imekuja yenyewe mpaka mlangoni, kwa heshima zote, na shikamoo juu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia wifi Ng'washi, Buhongwa. Nyumba yake ina dari, ina feni. Nikamwomba anihifadhie. Kakataa kabla sijamaliza — kitu cha wakwe hakilali nyumba nyingine. Kinakaa kwa baba wa binti mpaka mkubwa wao aje akifungue mbele ya watu. Wakisikia kimehamishwa watasema tumewadharau. Kweli, hata mimi ningesema hivyo.

Halafu akacheka: lakini wifi, hapo umemkabidhi fisi bucha. Nikakata simu. Kaka yake huyo! Mume wangu si fisi.

Ila usingizi haukuja vizuri.

Ijumaa, 8 Novemba

Chini ya kitanda? Bati letu mchana ni kikaango. Friji? Umeme unakatika unavyotaka, tena friji iko sebuleni — kila akifuata maji ya kunywa atazikuta chupa zimepangana, zinamtazama. Kabati la nguo lina kufuli. Lakini kufuli ni tusi.

Jioni Baba Queen kaanza mwenyewe. Kaupima ukuta wa stoo kwa macho — seremala haoni ukuta akauacha. Kasema angetengeneza kashelfu, chupa zilale vizuri, stoo ina ubaridi kidogo. Nikamwona akilini mwangu akizishika moja moja, yuko peke yake mle ndani. Nikasema hapana, usijisumbue. Nimesema haraka mno. Akanitazama. Sawa, Mama Queen. Akaenda kufungia kuku.

Ile sawa inaniuma mpaka sasa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimezihamisha wakati yuko karakana, Mkuyuni. Nyuma ya nyumba, kwenye mwanya kati ya yale mawe makubwa. Jua halifiki, jiwe ni la baridi hata saa nane mchana. Nimezilaza ndani ya maboksi yake, nikafunika na gunia. Nikajisifu — watu wa Mwanza Mungu katupa friji isiyotaka umeme!

Wakati wa kula kauliza mara moja tu: mvinyo umepata pa kukaa? Nikasema umepata. Akaendelea kutoa miiba ya sato. Hakuuliza wapi, nami sikusema wapi. Watu wazima wawili, kila mmoja anajua mwenzake anawaza nini. Nimeona aibu. Ningemwambia tu kwamba naogopa. Sikuweza.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua! Ya kwanza kubwa msimu huu. Imenikuta kwa Suzana fundi cherehani, najaribu gauni la sendofu. Nikaona maji yanavyoteremka mlimani, ndipo akili ikanirudia. Nimezaliwa hapa. Mvua ikipiga, maji yote hupita kwenye mianya ya mawe — mtoto wa chekechea anajua! Nimefikiria jua tu. Nimeficha mvinyo kwenye mfereji.

Nimekimbia mpaka nyumbani. Chupa nimezikuta kitandani kwetu, zimelazwa ubavu juu ya kitenge changu, lebo zimebanduka. Baba Queen kwenye kigoda, anafuta ya mwisho kwa taulo. Shati limeloa, tope mpaka magotini. Maboksi yamekuwa uji, kasema, amezibeba mikononi. Nikamuuliza alijuaje ziliko. Alijua tangu Jumatatu — siku ile kuku hawakutagia pale kwenye mawe, akaenda kuangalia kuna nini. Tangu Jumatatu! Wiki nzima amejua, na chupa zote zilikuwepo.

Halafu akasema: moja imevunjika. Niliteleza kwenye jiwe.

Chumba kinanuka mvinyo. Shati lake linanuka mvinyo. Nikasogea karibu, nikijifanya nachukua taulo. Kama ni shati au ni pumzi, sikuweza kutofautisha. Akaniacha ninuse. Hakugeuza uso.

Vipande viko kule, akasema, kama maji hayajavipeleka. Nenda kaangalie, Mama Queen. Ningekuwa wewe ningeenda.

Akatoka kwenda jikoni kuchemsha chai. Malapa yake ameniachia kwenye mlango wa nyuma, naweza kuyaona kutoka hapa nilipokaa, pembeni ya kitanda pasipo na chupa. Nikienda, nimemwambia simwamini. Nisipoenda, nitabeba swali hili mpaka siku ya harusi na kuendelea. Nataka aamini kwamba namwamini — na sijui kama namwamini. Mungu wangu, nampenda mtu huyu.

Mvua imepungua. Ananiita, chai iko tayari. Nimeitika nakuja. Nimesimama mlango wa nyuma naandika, daftari nimeliegemeza ukutani, na mguu mmoja umeshaingia kwenye lapa lake.