Bei ya Siku ya Kukaa

Ofisini, juu ya duka la misumari,
Jumapili asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, mgongo umetulia, na wifi yangu amepona lile jino lililomkosesha raha mwezi uliopita. Wasalimie watoto. Kitinda mimba wako mwambie kiatu chake kimoja kiko kwangu chini ya kochi, sijui siku ile alirudije nyumbani. Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, kazi ipo, na bati la ofisi halivuji tena tangu mwenye nyumba aone aibu.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliye mwendo wa saa tatu kwa basi na mwenye simu mbili. Ningekupigia ungenikatiza nikiwa kwenye namba ya pili, kama kawaida yako. Kwenye kundi la familia nako siwezi kuandika, maana huko ndiko nilikochekwa. Nimeona nikuandikie kwenye karatasi, usome ukiwa peke yako, na hasira zikija uwe umeshafika mwisho.

Wiki iliyopita uliniomba bei ya kuwapandisha mlimani watu kumi na mmoja wa karakana yenu, akiwemo binti yako mkubwa, wewe ukiwaongoza. Nikakutumia: laki kumi na tano kwa kila mtu, siku sita. Ukaibandika kwenye kundi, na kando yake ukabandika ya yule jirani yangu wa kazi tunayemwita Bei Poa kwa sababu ndivyo alivyoandika mlangoni kwake: laki tisa na nusu, siku tano. Kisha ukawaambia watu kwamba dada yao siku hizi anauza usingizi, kwamba ana siku nzima ya kukaa kambini bila kupanda kokote na anaitoza laki na tisini elfu, bei ambayo hata hoteli yenye zulia haithubutu kuitaja. Wifi akacheka. Mama, ambaye picha huchukua siku mbili kuifungua, alicheka ndani ya dakika moja. Binamu yetu dereva akauliza kama wanaolala upande wa upepo wanapunguziwa. Ukamalizia kwa kusema mlima hausomi risiti, na kwamba wewe ulipanda na Bei Poa mwaka juzi ukafika kileleni unaimba.

Jumatano mnalipa malipo ya kwanza. Nataka kabla ya Jumatano ujue mnanunua nini.

Usidhani nawavuta mje kwangu. Zile tarehe zenu nimeshawapa wauguzi tisa waliolipa bila kucheka. Wala sikuandikii kumchafua Bei Poa. Yule si mwizi. Nimesugua naye sufuria kambini kabla hajaota kitambi, na mwaka nilioanza tulibeba pamoja. Mimi nilibebeshwa kilo thelathini na moja, jiko, mtungi wa gesi na sufuria tatu zilizonigonga kisogoni kila nilipoinama, nikalipwa siku nne kati ya tano. Ya tano, waliniambia, ni ya kushuka kurudi nyumbani, na kila mtu hurudi kwake bure. Wakati ule wewe ulikuwa unanishauri nijifunze ushonaji.

Sasa twende kwenye hesabu. Kati ya bei yangu na ya Bei Poa kuna laki tano na nusu. Laki na tisini ni hiyo siku ya kukaa: ada ya hifadhi ya siku moja zaidi, chakula chenu, na posho ya kila aliye chini ya mizigo yenu. Laki mbili ni wabebaji. Mimi kwa kila mgeni naweka watatu, yeye wawili. Hapa ofisini mizani inaning'inia kwenye boriti, na begi likizidi kilo ishirini linafunguliwa mbele ya mwenyewe. Bei Poa anapima kwa jicho, na jicho lake lina huruma sana na mfuko wake. Elfu sabini ni viongozi: kwangu kila wageni wawili wana kiongozi wao, kwake mmoja anachunga watano, kwa hiyo mmoja akiugua, kiongozi anashuka naye na wanne wanabaki na picha za simu. Elfu hamsini ni mtungi wa oksijeni, machela, kile kidude cha kubana kidoleni kupima hewa iliyomo kwenye damu, na mahema ambayo zipu zake zinafunga. Jumlisha. Utapata laki tano na elfu kumi. Elfu arobaini iliyobaki ni tamaa yangu tu, kodi na chai, wala sioni haya kuitaja.

Wewe ni mtu wa magari, nikwambie kwa lugha ya karakana. Mteja akija na gari lake, fundi wa kwanza akamwambia breki ni elfu themanini na wa pili akamwambia elfu thelathini, wewe utamuuliza yule wa pili breki za magurudumu mangapi. Siku hizi nawaambia wageni wasiniulize bei kabla hawajaniuliza maswali matatu: siku ngapi, watu wangapi nyuma ya mgeni mmoja, na nikishindwa kuendelea nashushwa na nani. Wengi wananiona mbabaishaji. Wachache wanavuta kiti.

Na hao wachache wananitosha, kaka. Juzi kundi la watu wanane limeshuka wote wakiwa wamefika. Wabebaji walikuwa hapa chini kwenye ngazi, wanachekana viatu, wanagombania nani aliimba vibaya kuliko wenzake, na kila mmoja aliondoka na bahasha yake ikiwa na siku zote sita ndani. Nilisimama dirishani nikawaangalia mpaka wa mwisho akapinda kona. Sikuwa na mtu wa kumwambia jinsi nilivyofurahi, kwa hiyo nakwambia wewe, japo umenifanya nichekwe na watu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifunge mlango na kuzima simu zote mbili.

Mwaka juzi, siku ya tatu ya safari yako, saa kumi jioni, nilipigiwa simu na yule kiongozi wenu mrefu, tunayemwita Mkunga kwa sababu hajawahi kumharakisha mtu. Sasa hivi ni wangu, lakini wakati ule alikuwa akifanya kazi kwangu na kwa Bei Poa. Akaniambia ana mgeni ambaye hajala tangu jana, anatapika, kichwa kinamgonga, na bado anabishana na kila mtu kwamba ni mzima. Nikajua ni wewe kabla hajanieleza sura. Ratiba ya Bei Poa ilikuwa mwondoke usiku ule ule kwenda juu. Mkunga alisema mtu mwenye hali ile hapandishwi. Ama ashuke arudi nyumbani, ama ateremshwe hadi kambi ya chini, alale, mwili uzoee ile hewa, na akiamka mzima apande tena taratibu. Lakini hiyo ilikuwa siku ya sita, na nyinyi mlikuwa mmelipia tano.

Nilikwenda kwa Bei Poa kwa miguu. Nilimkuta anapaka rangi ubao wake. Hakubisha. Alifuta mkono, akapiga hesabu ya wageni watatu, wewe na wale wenzako wawili, akaniambia ni laki nne na elfu themanini, ndiyo gharama yenyewe, yeye haweki hata senti juu yake. Sijamsahau kwa hilo. Nikatoa, akaniandikia risiti. Pesa hizo zilikuwa za mahema mapya, nikayashona ya zamani, msimu ukapita.

Mkunga nilimwomba asikwambie. Akawadanganya kwamba njia ya juu ina barafu na askari wa hifadhi wameifunga kwa siku moja. Mkateremka jioni ile ile, ukalala hadi asubuhi, ukaamka ukanywa supu bakuli mbili. Mchana mkarudi juu taratibu, na usiku mkafika. Ukaimba, ni kweli. Mkunga anasema uliimba vibaya, lakini uliimba.

Nilinyamaza kwanza kwa sababu ulikuwa umewaaga watu wote kwa kelele kwamba utanionyesha, na nilitaka ufike. Sikutaka kuona kaka yangu anashuka kwenye gari kichwa chini. Hiyo sehemu sina cha kuomba radhi. Ila baadaye nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza. Kila ulipoicheka bei yangu mezani kwa Mama, nilikuwa naongeza mchuzi kimya kimya nikijua risiti yako iko kwenye droo yangu. Ilikuwa tamu, kaka, sikufichi. Nimeila raha hiyo miaka miwili.

Na miaka miwili hiyo wewe umekuwa ukisimulia, na kila ukifika kwenye siku ile ya barafu unaiita siku iliyopotea. Unasema bila ile barafu ungemaliza kwa siku tano. Sasa watu kumi na mmoja wameiamini hadithi yako, akiwemo yule fundi rangi wako mwenye miaka hamsini na minane na binti yako ambaye tangu utotoni akiumwa hasemi. Wananunua siku tano kwa sababu bosi wao alipanda kwa siku tano. Bosi wao hakupanda kwa siku tano. Aliteremshwa akalala, na kosa la kutowaambia watu hivyo si lako, ni langu.

Jana nilirudi kwa Bei Poa. Tumekunywa soda, tumebishana saa nzima, ameniita mchawi wa namba. Amekubali kuwachukua kwa laki kumi na tatu kwa kichwa: siku sita, viongozi wawili zaidi, mbebaji mmoja wa ziada kwa kila wageni wawili, na mizigo yote ipite kwenye mizani yangu kabla ya kutoka. Mtungi wa oksijeni na machela nitamwazima mimi. Bado ni laki mbili chini ya bei yangu, kwa hiyo hata kujisifu utajisifu. Anakungoja umpigie wewe. Tumekubaliana kwamba akiulizwa, mimi simo katika jambo hili, na Mkunga naye atasema hajui kitu.

Risiti ya mwaka juzi nimeitia ndani ya bahasha hii. Sina nakala. Ichane au itunze, uamuzi ni wako. Kwa mafundi wako sema tu kwamba umekaa na karatasi ukapiga hesabu upya, na ukaona siku ya kukaa kambini ndiyo inayomfikisha mtu juu. Watakuamini, wamezoea kukuamini. Na mtu yeyote akija kuniuliza, awe Mama, awe wifi, awe yule binamu wa upande wa upepo, nitamjibu kwamba hesabu hiyo ni ya kaka, mimi nimejifunza kwake.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie mwisho wa mwezi nitakuja kukaa naye siku mbili. Wifi mkumbushe dawa ya kusukutua. Binti mwambie aanze kutembea na viatu atakavyovaa mlimani sasa hivi, asingoje siku ya safari. Wote hapa ofisini wanakusalimu, hata wasiokujua.

Kwa heri ya kuonana,

Dada yako mdogo, akupendaye