Mwanamke wa Endebess

Bwenini, Kitale

Kwa nyanya yangu Kukhu,

Goti linaendeleaje? Na yule kuku mweupe, bado anatagia kitandani kwako? Mimi ni mzima na ninakula vizuri. Ningepiga simu kwa Shangazi, lakini simu ya shule huwa na foleni, na haya siwezi kuyasema watu wakisikia.

Ni habari ya kile kichuma cha Babu ulichokuwa ukizuilia mlango wa kuku. Uliponipa nije niwaulize walimu, ulinikumbusha kwamba Babu alirudi nacho kutoka Endebess, alikokuwa mpishi wa mzungu, na kwamba kila Jumapili shati lake lilinuka mafuta ya mbarika yaliyoungua. "Kulikuwa na mwanamke huko," ulisema. "Tena ni mwanamke gani huyo, hata kuchemsha mafuta hajui?"

Kukhu, ni injini. Injini ya ndege ndogo ya kuchezea, lakini inayoruka kweli. Mwalimu wa fizikia aliitambua mara moja. Shida ni kwamba ilikataa kuzunguka, na fundi wa maabara akachukua koleo.

"Hapana!" nikasema.

Darasa zima likageuka. Wengine hawakuwa wamewahi kusikia sauti yangu.

"Ati hapana?" fundi akauliza.

"Haijaharibika. Ni mafuta ya zamani yameganda ndani. Ukilazimisha itavunjika."

"Na wewe umejuaje?"

"Nimesoma. Kitabu kiko laibrari."

"Profesa amesoma, bana!" Wakacheka. Lakini mwalimu akasema, "Mwacheni ajaribu."

Ingevunjika, ningekurudishia nini cha Babu? Nikaiweka kwenye sufuria ya maji moto, kama wewe unavyoweka chupa ya mafuta karibu na jiko asubuhi ya baridi. Nikangoja. Nikaikausha, nikatia tone la mafuta, nikashika propela, lile panga lake la mbele. Ikazunguka! Fundi akarudisha koleo mfukoni. "Haya, Profesa."

Mwalimu mwenyewe alichanganya mafuta ya taa na etha ya maabara, huko nje. Kitabu kilitaka pia mafuta ya mbarika ya kulainisha chuma, na shule nzima aliyekuwa nayo ni mimi. Nisamehe, ile chupa ya kupaka miguu imebaki nusu.

Tuliifunga injini kwenye benchi uwanjani. Mwalimu aliipiga propela kwa kidole mara nyingi, ikamgonga, akasema neno ambalo siliandiki hapa. Kisha ikalia kama nyigu ndani ya mkebe! Wapishi walitoka jikoni na miko mikononi. Mimi nilikuwa upande wa moshi. Ukanirushia matone shatini, na hapo nikanusa.

Mafuta ya mbarika yaliyoungua.

Kukhu, mwanamke wa Endebess nimemwona. Anaenea kiganjani, ni wa chuma, na kuchemsha mafuta kweli hajui. Nafikiri Babu alikuwa akimsaidia mzungu kurusha ndege siku za Jumapili, akaona aibu kukwambia kwamba mtu mzima anacheza. Aibu hiyo naijua.

Injini nimeipaka mafuta mepesi na kuifunga kwa kitambaa isigande tena, kwa hiyo tafuta jiwe la mlango wa kuku. Shati sijalifua. Nitakuja nalo likizo, ulinuse mwenyewe.

Nisalimie Baba, na Shangazi anayekusomea barua hii (asicheke), na mama jirani anayekukamulia ng'ombe.

Unajua huwa naona aibu ukiniita "mume wangu" mbele ya watu kwa kuwa nina jina la Babu. Leo nakubali, angalau kwenye karatasi.

Mume wako,
Wekesa